Bomba la maji si la kutia michoro

Sahibu yangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullah. Khabari za Wete, khabari za mama, khabari za mguu wa mzee? Niitikie zote kwa pamoja, maana leo salamu nazikata. Sisi huku wazima, umeme tu ndio mgonjwa.

Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu jambo lenyewe refu. Ujumbe wako wa juzi unasema michoro kumi na mbili ya maonesho yetu ya katuni utaiviringisha pamoja, uitie kwenye kipande cha bomba la maji la inchi 2, uzibe huku na huku, kisha umkabidhi kijana wa botini. Sahibu, nakuomba usifanye hivyo. Kama ishaviringishwa, ifungue sasa hivi, barua utaimaliza baadae.

Wino wa India ni masizi yaliyofungwa kwa gundi. Ukikauka unakaa juu ya karatasi kama ngozi, na pale ulipojaza weusi mpana (nawe unapenda weusi mpana, usikatae) ngozi ile ni nene. Karatasi yako ni nene, ya gramu 250. Ukiikunja kwenye duara la inchi 2, wino ukiwa nje unavutika na kupasuka vijistari, wino ukiwa ndani unajibana na kubanduka vigamba. Ule mweupe wa kufutia makosa ndio wa mwanzo kuanguka, na utakapoanguka kila mtu ataona ulichokuwa unakificha. Halafu bomba la plastiki lililozibwa linafungia hewa ya bandarini ya saa saba mchana, iliyojaa unyevu. Usiku likipoa, unyevu ule unageuka matone, na matone hayana pengine pa kwenda ila kwenye karatasi. Na hata ikifika salama, karatasi iliyolala wiki moja ndani ya bomba haisahau. Utaitia kwenye fremu, nayo inavimba katikati kama tumbo la chewa, inagusa kioo.

Nitarudi hapo. Kwanza khabari za huku.

Tarehe ya maonesho imebadilika. Mwenzetu Vuai kasoma kwamba wachora katuni wa Marekani wana siku yao tarehe 5 Mei, kukumbuka siku ile ya mwaka 1895 gazeti la New York World lilipomtoa kwa rangi yule mtoto wa kanzu aliyekuja kuitwa Yellow Kid. Akataka nasi tufungue maonesho yetu siku hiyo hiyo. Maalim akamwambia hapa Unguja tarehe 5 Mei kanzu ya mtoto yule ingeloa hadi mapajani. Masika ndiyo kwanza yanamwaga, na karatasi kwenye nyumba ya mawe huvuta maji kutoka hewani hadi ikapinda ndani ya fremu. Tumekubaliana Agosti, kusi likiwa limekauka. Vuai kanuna siku mbili, ya tatu kaja na orodha ya mbao.

Na mbao ndizo zilizonifanya nikuandikie habari ya idadi. Chumba tulichopewa ni cha ghorofa ya juu, nyumba ya zamani Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo haupigwi msumari. Chokaa inamomonyoka, tundu la msumari mmoja linakuwa la kidole, na mji mzima uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo hata kutoboa kwa adabu kunahitaji ruhusa. Na hata bila ya sheria, ukuta ule unapumua unyevu, na fremu ikiulalia mgongo unaota ukungu kwa wiki mbili. Kwa hiyo hatugusi ukuta. Tunatengeneza viambaza vya kusimama vyenyewe, vitatu vitatu vilivyoungwa kwa bawaba na kukaa kwa pembe kama pazia la hospitali.

Kila kiambaza ni upana wa futi 4 na urefu wa futi 6, mbao za inchi 2 kwa 2: mbili za kusimama, tatu za kulala. Jumla futi 24, yaani mbao mbili za futi 12 bila ya kutupa kipande. Mbao ya kulala ya juu iko kileleni, ya kati futi 4 kutoka sakafuni, ya chini futi 1. Kitambaa ni marekani ya kawaida isiyopaushwa, upana usipungue inchi 54 ili ipatikane ya kukunjia pembeni, nayo inaanzia juu na kuishia kwenye mbao ya chini. Futi ile ya mwisho inaachwa wazi, upepo wa dirishani upite chini, la sivyo kiambaza kinakuwa tanga na tutakikuta Forodhani. Tumempatia Vuai Umarekani wake hatimaye, lakini kwa yadi.

Katikati ya picha tunaiweka sentimita 145 kutoka sakafuni. Fremu zetu ni 40 kwa 50, kwa hiyo kichwa cha fremu kinafika 170 na kamba ya sentimita 13 inaishika kwenye mbao ya juu. Uzito uchukuliwe na mbao, si na kitambaa. Kioo cha milimita 2 cha ukubwa huo peke yake ni kilo moja, na fremu yake na mgongo wake unakaribia kilo mbili. Mshipi wa kuvulia unashika vizuri, ila fundo la kawaida linateleza kwenye nailoni. Zungusha mara tano kabla ya kupitisha ncha, kama unavyofunga ndoana. Wewe mtu wa Pemba sikufundishi hilo.

Sasa hesabu. Kwenye futi 4 zinakaa fremu mbili na nafasi ya sentimita 14 pembeni na katikati. Viambaza vitatu, fremu sita. Tuko watano, viambaza kumi na tano, mbao thelathini, na fedha yetu imeishia hapo hapo. Kwa hiyo kila mtu sita tu, sahibu. Kumi na mbili zako haziingii, hata ukija na mbeleko. Sita zisafiri zenyewe, sita nyengine leta mafaili. Tutazichapa ndogo, A4, ziuzwe mezani pa mlangoni.

Na hapo ndipo pananirudisha kwenye bomba. Najua unavyoona: karatasi ni karatasi, mchoro ushatoka gazetini, kazi yake ishakwisha. Ijumaa iliyopita tulikaa barazani kwa Maalim tukizungumza khabari za wenzetu huko duniani, na zote zinakwenda upande mmoja. New York Times lilisimamisha katuni za siasa kwenye toleo lake la kimataifa Julai 2019. Julai 2023 McClatchy, kampuni ya magazeti ya Marekani, iliwaachisha kazi siku moja wachoraji watatu, Jack Ohman, Joel Pett na Kevin Siers, wote washindi wa Pulitzer, ile tuzo kubwa ya magazeti ya Marekani. Pulitzer yenyewe tangu 2022 haina tena fungu la katuni za uhariri peke yake, zimechanganywa na habari za michoro. Mchoraji Ann Telnaes aliondoka Washington Post Januari 2025 mchoro wake ulipokataliwa, na Mei ya mwaka ule ule akapewa tuzo hiyo hiyo. Na kwetu, Gado, mtoto wa Dar es Salaam, aliachana na Nation ya Nairobi mwaka 2016 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Kidawa akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu mara moja: mchoraji akitoka gazetini anatoka na nini mkononi?

Anatoka na vitu viwili. Mhusika wake, kama ni wake kweli: Kipanya anakwenda anapokwenda Masoud, na Kingo wa James Gayo alikuja kuwa na jarida la jina lake. Na sanduku la michoro ya asili. Basi. Gazeti la zamani linageuka manjano na kuvunjika kama mkate wa kumimina uliochakaa, na ile faili ndogo uliyompelekea mhariri haichapiki kubwa zaidi ya kiganja. Sanduku lako la chini ya kitanda ndiyo pensheni yako, nawe unataka kulipeleka bandarini ndani ya bomba.

Skani kwanza, kabla ya lolote. Fanya hivi. Kioo cha skana kifute kwa kitambaa kikavu, kwa sababu punje moja ya vumbi kwenye nukta 600 inatoka kama nzi. Weka nukta 600 kwa inchi, na chagua kijivu, usichague nyeusi-na-nyeupe. Ukichagua nyeusi-na-nyeupe mashine ndiyo inayoamua mstari upi ni mstari na upi ni uchafu, na mistari yako myembamba ya nywele na mvua inakatika katika. Ukiwa na kijivu unaamua mwenyewe baadae, taratibu, kwa kusogeza weusi na weupe hadi karatasi ikawa safi na mstari haujaliwa. Michoro ya rangi 300 inatosha.

Tatizo lako ni ukubwa. Michoro yako ni A3 na skana nyingi za maofisini ni A4. Watu hupiga mara mbili, halafu wanashangaa katikati hapaungani. A4 mbili ni A3 kamili bila ya ziada ya maana, hakuna pa kupandishia. Piga mara tatu, kushoto, kati na kulia, na ukingo mrefu wa karatasi uegemee ukingo ule ule wa kioo kila mara ili isipinde. Kifuniko kiache wazi, weka juu kitabu kizito kiasi, kisiwe msahafu wa mzee tafadhali. Zima ile kazi ya mashine kurekebisha mwanga yenyewe, la sivyo vipande vitatu vitatoka na vivuli vitatu tofauti.

Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyoharibu mstari. JPEG inatia ukungu wa vijidoa pembeni mwa kila mstari mweusi, na ukiifungua na kuihifadhi tena na tena unazidi. Mchoro mmoja wa A3 kwa kijivu utakuwa kama MB 70, kumi na mbili zako ni MB 840. Flashi ya GB 4 inabeba zote na nyimbo zako za taarab juu yake. Fanya nakala mbili, moja ibaki kwa dada Chake, si kwenye nyumba moja na sanduku. Na usinipelekee kwa WhatsApp kama picha. Inakandwa hadi inakuwa kama picha ya kitambulisho. Tuma kama dokumenti, au subiri uje nayo.

Jengine dogo kwa zile sita za kuchapwa. Weusi uwe wino mweusi mtupu, asilimia 100, rangi nyengine sifuri. Ukiachia programu ikuchanganyie weusi kwa rangi nne, karatasi ikisogea nusu milimita mashineni kila herufi inatoka na kivuli chekundu, na msomaji anafikiri ni macho yake. Na kwa kuwa tunapunguza A3 kuwa A4, kila kitu kinashuka kufikia asilimia 71: kalamu ya 0.3 inakuwa kama 0.2, herufi ya milimita 4 inakaribia 3. Ule mchoro wa foleni ya mafuta, wenye maneno mengi kwenye mabango ya nyuma, hautasomeka. Chagua mwengine. Maneno ya Kipemba acha yalivyo, mtu wa mjini akikwama atauliza, na akiuliza amesimama, na akisimama ananunua.

Zile sita za kusafiri sasa. Tafuta maboksi makavu, ukate vipande viwili vikubwa kuliko mchoro kwa sentimita 5 kila upande. Kimoja mifereji yake ya ndani iende urefu, chengine iende upana. Vikilala pamoja havikunjiki upande wowote. Hiyo ndiyo siri yote ya kupakia. Kila mchoro uwe baina ya karatasi mbili nyeupe safi, usitumie gazeti, wino wa gazeti unahamia. Ili mchoro usiteleze, kunja pembe nne ndogo za karatasi kama pembe za albamu, ugundishe pembe hizo kwenye boksi, mchoro uchomekwe ndani yake. Selotepu isiguse mchoro hata nukta. Inageuka manjano, gundi yake inazama kwenye karatasi na hakuna dawa. Ukishafunga yote, ndiyo nailoni ije nje, kwa ajili ya maji ya bahari ya njiani. Tia na vile vifuko vya chembe kavu vinavyokuja na viatu, lakini vikaushe kwanza kwenye kikaango kitupu, moto mdogo, kifuko kisiungue. Vikikaa wazi mwaka mzima vishashiba maji na havina faida. Mchele usitie. Najua watu wanasema. Mchele unaleta vumbi na wadudu.

Na mzigo huo mtu aukae nao, miguuni au mapajani. Usiingie chini kwenye mizigo pamoja na magunia ya karafuu na mafuta ya nyonyo. Kijana wa botini mwema, sina neno naye, lakini ana mikono miwili na mizigo arubaini.

Kama kuna ulioota ukungu (utakuwepo, nakujua, sanduku liko chini ya kitanda), usiupanguse kwa kitambaa cha maji. Utausukuma ndani. Uanike kivulini penye upepo mpaka doa liwe kavu la unga, kisha nje ya nyumba, na barakoa usoni, ufagie kwa brashi laini kuelekea nje ya karatasi. Juani usiuweke. Wino wa India jua haliuwezi, lakini zile ulizopaka rangi kwa maka peni zitapauka mbele ya macho yako. Kwa sababu hiyo hiyo za maka peni usilete kabisa, skani tu. Dirisha letu linatazama magharibi.

Fremu utazikuta huku, fundi wa Mlandege keshaanza. Nimegombana naye kidogo: alitaka kubandika michoro kwa gundi pembe zote nne, ikae bapa. Karatasi inavimba na kunywea kila siku na hali ya hewa, ukiibana pande zote inatafuta njia kwa kufanya mawimbi. Tunaishika juu tu, vijikaratasi viwili vyembamba kwa gundi ya uji wa wanga, chini ining'inie huru. Mbele kuna dirisha la kadibodi la milimita 2 ili wino usionane na kioo. Kaelewa, ila kaongeza bei ya kadibodi.

Maelezo ya chini ya kila mchoro niandikie wewe mwenyewe, mistari miwili, na tarehe iwe ya kweli uliyoiona gazetini, si ya kukisia. Katuni ya miaka kumi nyuma bila ya kuelezwa wiki ile kulikuwa na nini ni bubu. Lakini ikihitaji mistari sita basi haikuwa nzuri hata siku ile, iache sandukuni.

Jumapili asubuhi kuna watoto thelathini wa skuli. Hatununui rula: karatasi ya A4 ukiikunja mara mbili inakupa vyumba vinne. Kosa lao ni moja kila mwaka, wanachora puto la maneno kwanza halafu maneno hayaenei. Nataka uwashike wewe hao, unawaweza, mimi wananizidi.

Anaenunua mchoro wa asili ananunua karatasi, hakimiliki inabaki kwako mpaka utie saini ya kuiuza. Maalim anaandaa risiti yenye sentensi hiyo. COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, ulishajiandikisha au bado unasema "wiki ijayo"?

Basi nijibu haya, kwa ujumbe wa sauti kama uvivu umekushika: Ishaviringishwa au bado? Sita zipi zinasafiri, na ule wa kaka pweza na mdhamini umo? Ile ofisi ya Chake ina skana ya A3 au ni uvumi? Utakuja na boti ya Wete au unashukia njia ya Mkoani, na siku gani, ili mtu awe gatini? Mama atakubali kukuachia wiki nzima? Kidawa anauliza kama ile kalamu yake ya chuma bado unayo, na anauliza kwa sauti ile. Na halua, kilo mbili au tatu?

Wasalaam,
Othman